Chuma Hakina Huruma: Hotuba juu ya Gari la Kuchanganya Zege

Maneno yafuatayo ni hotuba iliyoandaliwa kwa ajili ya mafundi, madereva, manyapara na vibarua wa Kitui na Makueni. Twayachapa hapa ili na wale wasiokuwapo wapate kuyasoma, na kuwasomea wenzao.



Nimeombwa kuzungumza nanyi habari ya gari moja ambalo zamani halikuonekana sana katika nchi ya Ukambani, lakini siku hizi hata mtoto wa shule alijua. Ni lile lori lenye pipa kubwa mgongoni. Pipa hilo huzunguka njia nzima, likichanganya saruji, mchanga, kokoto na maji mpaka viwe zege, ambalo wengi wetu huliita konkriti.

Gari hili limekuja pamoja na kazi kubwa. Reli mpya iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 yapita Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na madaraja yake yamesimama juu ya nguzo za zege. Barabara ya lami imejengwa kutoka Kibwezi kupita Ikutha na Mutomo mpaka Kitui, nayo yahitaji makalavati na madaraja. Mwezi wa Machi 2018 ilizinduliwa kazi ya bwawa la Thwake, pale mto Thwake unapokutana na mto Athi, kwenye mpaka wa Makueni na Kitui. Ukuta wake ulipangwa kufikia kimo cha mita 80 na nusu. Ni ukuta wa mawe yaliyoshindiliwa, na uso wake hufunikwa kwa zege. Hayo ni mambo ya kujivunia, kwa maana nchi yenye kiu yajua thamani ya maji. Lakini kila kazi mpya huja na hatari yake mpya, na mtu asiyeifahamu hatari hawezi kujilinda nayo.

AJALI INA SABABU

Watu wengi wapenda kusema, "Ajali haina kinga." Mtu akivunjika mkono, jirani zake hutikisa kichwa na kusema neno hilo, kisha kila mmoja hurudi kazini kama alivyokuwa. Mimi sikubaliani nalo, nami nitawaeleza kwa nini, ingawa habari yenyewe si ya kunipa sifa.

Nimekuwa dereva wa gari la namna hii. Siku moja tulikuwa tukimwaga zege mahali ambapo sitapataja, na jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Taniboi wangu alikuwa kijana mwenye bidii, na jioni alikuwa akijifunza udereva. Yeye alikuwa nyuma akikunjua mfereji wa kumwagia zege. Mfereji huo una vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba, na kila kipande kina mpini wa kushikia. Mpini wa kipande kimoja ulikuwa umekatika siku nyingi, kwa hiyo kijana alikuwa akishika ukingo wa chuma, karibu na bawaba. Nami nilijua jambo hilo. Mara nikasikia sauti ikisema, "Haya, teremsha!" Nikadhani ni yeye, kumbe ni mtu mwingine aliyekuwa akizungumza na watu wa toroli. Nikavuta wenzo.

Kijana yule alipoteza vidole viwili vya mkono wa kuume. Hakulia sana. Aliniuliza tu kama ataweza kushika usukani.

Nimelifikiri swali hilo miaka mingi. Je, ajali ile haikuwa na kinga? Mpini uliokatika ungeweza kuchomelewa kwa nusu saa. Mimi ningeweza kungoja mpaka nimwone kwa macho yangu kabla ya kuvuta wenzo. Na tungeweza kupatana tangu asubuhi kwamba mtu mmoja tu ndiye mwenye kutoa ishara. Kinga zilikuwa tatu, na zote tatu tuliziacha. Basi yafaa tuseme kwamba ajali ina kinga, ila mara nyingi kinga hiyo tunaiona haraka ikiwa imekwisha pita.

UZITO NA MWENDO WAKE

Kwanza yapasa kuufahamu uzito wa kitu chenyewe. Mita moja ya zege, yaani sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita moja, ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Gari likichukua mita 6, mzigo peke yake ni kilo 14,400, sawa na mifuko 288 ya saruji ya kilo 50. Ongeza uzito wa lori lenyewe, na jumla hukaribia tani 25. Kitu cha uzito huo kikirudi nyuma polepole kama mwendo wa mtoto, hakuna kifua cha binadamu kinachoweza kukizuia.

Pili, fahamuni mwendo wa pipa. Gari likiwa safarini, pipa huzunguka polepole, na mtu hudhani kwamba aweza kuligusa na kuondoa mkono wake apendapo. Haya, tupige hesabu. Pipa lenye upana wa mita 2, likizunguka mara 3 tu kwa dakika, ukingo wake hupita sentimita 30 hivi kwa kila sekunde. Huo ndio urefu wa rula ya mwanafunzi. Kabla hujamaliza kutamka neno "simama", chuma kimekwisha kuvuta mkono wako mpaka kwenye kiwiko. Na wakati wa kuchanganya, pipa huenda kwa kasi zaidi ya hiyo mara kadhaa.

MAHALI SITA PA HATARI

Sasa nitataja mahali sita panapobana au kuponda watu. Wekeni akilini.

Mahali pa kwanza ni chini ya pipa upande wa nyuma. Pipa limekaa juu ya magurudumu madogo ya chuma, nalo huzunguka juu yake. Pale ukingo wa pipa unapokutana na gurudumu, hapana nafasi hata ya kupitisha karatasi. Kitambaa cha kupangusia, mkono wa shati, kamba ya koti la mvua, vyote huvutwa, na mkono hufuata. Mtu asipanguse wala asitie grisi mahali pale pipa likizunguka. Na kama kuna bamba la chuma lililowekwa kufunika mahali hapo, lisiondolewe, na likiondolewa kwa matengenezo lirudishwe kabla ya injini kuwashwa.

Mahali pa pili ni mfereji, ambao nimekwisha kuwaeleza. Ushikwe kwa mipini yake tu, wala si kwa kingo. Kabla ya kuukunja au kuukunjua, kila mmoja aonekane mahali alipo. Ukiisha kukunjwa, pini yake ya kufungia itiwe, kwa sababu mfereji usiofungwa huweza kuyumba gari likipinda kona, na kumpiga mtu aliye kando ya njia, huenda ni mama anayetoka sokoni asiye na habari yoyote ya zege. Vipande vya kuongezea urefu ni vizito. Vichukuliwe na watu wawili, wala visirushwe.

Mahali pa tatu ni mdomo wa pipa na tumbo lake. Ndani ya pipa mna mapanga ya chuma yaliyojipinda kama ganda la konokono. Yakizunguka upande mmoja huvuta zege ndani, na yakizunguka upande wa pili hulisukuma nje. Mtu asitie mkono, koleo, wala fimbo ndani yake pipa likizunguka. Kuhusu kuingia ndani ili kugonga zege lililokauka, hiyo ni kazi ya watu waliofundishwa. Injini izimwe, ufunguo utolewe, na ufunguo huo ukae katika mfuko wa yule anayeingia, si wa mwingine. Mtu mmoja abaki nje akilinda, wala asiondoke hata kwenda kunywa maji. Dereva aliyerudi kutoka kula, asiyejua kwamba mwenzake yumo ndani, aweza kumwua kwa kuwasha gari tu.

Mahali pa nne ni nyuma ya lori. Dereva ana vioo, lakini vioo havioni kila kitu. Mtu aliyesimama katikati, nyuma ya pipa, dereva hamwoni kabisa. Basi mtu mmoja, na mmoja tu, achaguliwe kumwelekeza dereva, naye avae fulana ya kung'aa, asimame kando mahali anapoonekana katika kioo. Dereva akikosa kumwona, asimamishe gari papo hapo. Wala mtu yeyote asisimame kati ya lori na ukuta, au kati ya lori na nguzo, au kati ya lori na mbao za kumiminia zege. Nafasi ile huonekana kubwa, lakini hufungwa kwa sekunde mbili. Ikiwezekana, njia ya kiwanja ipangwe hivi kwamba lori liingie huku na kutokea kule, lisiwe na haja ya kurudi nyuma.

Mahali pa tano ni ukingo wa shimo. Twajua udongo wetu. Kando ya mito yetu kama Tiva na Athi kuna mchanga, na mahali pengine kuna udongo mweusi unaolegea mvua inyeshapo. Lori la tani 25 likikaribia shimo, ukingo huweza kumeguka na lori kuwaangukia walio ndani. Kanuni inayokumbukwa kwa urahisi ni hii: shimo likiwa na kina cha mita 2, magurudumu yasikaribie ukingo chini ya mita 2, na udongo ukiwa laini au wenye maji, yawe mbali zaidi. Gogo nene liwekwe na kukazwa chini ili kuyazuia magurudumu. Na watu watoke shimoni lori linapokuja.

Mahali pa sita si penye lori, lakini nimepataja kwa sababu wengi wenu mtapakuta katika ujenzi wa shule, matangi ya maji na nyumba za maduka. Ni ile mashine ndogo ya kuchanganya zege yenye ndoo kubwa ya kupakia, inayoinuliwa kwa waya. Kokoto zikimwagika chini ya ndoo, kijana huingia kuzikomba kwa koleo huku ndoo ikining'inia juu yake. Waya ukikatika au breki ikilegea, ndoo huanguka. Mtu asiingie chini ya ndoo iliyoinuliwa ila imefungwa kwa mnyororo au pini ya chuma iliyo imara, na injini imezimwa.

HARAKA YA ZEGE

Nasikia mtu akisema moyoni, "Maneno haya ni mazuri, lakini zege halingoji." Ni kweli. Katika kazi nyingi hutakiwa zege limwagwe kabla ya dakika 90 kupita tangu saruji ilipokutana na maji. Na katika joto la Kibwezi au Ikutha laweza kushikana mapema zaidi. Dereva ajua, nyapara ajua, na mkandarasi ajua kwamba pipa lililokaukiwa na zege ni hasara kubwa. Ndipo kila mtu hukimbia, na anayekimbia hatazami.

Lakini haraka hiyo yaweza kuondolewa kabla lori halijafika. Mbao zikaguliwe jana yake, si lori likiwa langoni. Njia isawazishwe. Mahali pa kusimama lori pawekewe alama. Kazi ianze alfajiri, kabla ya jua kupanda. Mtu wa kutoa ishara achaguliwe asubuhi, na kila mmoja amjue kwa uso. Nusu saa ya matayarisho huokoa zaidi ya nusu saa ya kelele, na vidole pia. Wala mtu asidanganyike kuongeza maji ili zege lililoanza kushikana lilainike, kwa maana zege la namna hiyo hupungua nguvu, na jengo hulipa deni hilo baadaye.

Wengi wenu mmejenga kwa mwethya mabwawa ya mchanga katika makorongo ya Kitui na Makueni. Mnajua jinsi mawe yanavyopitishwa kutoka mkono hata mkono: hakuna aachiaye jiwe mpaka mwenzake amelishika. Hiyo ndiyo desturi ninayoomba tuipeleke penye mashine. Asivute mtu wenzo mpaka amejua kwamba mwenzake yuko salama.

NENO "SIMAMA"

Katika kila kiwanja cha kazi pawe na neno moja ambalo mtu yeyote aweza kulitamka, hata kibarua aliyeajiriwa leo asubuhi. Neno hilo ni "simama". Likisikika, kazi isimame kwanza, na maswali yaulizwe baadaye. Ninyi manyapara, msimkemee aliyesema "simama" hata kama amekosea. Ukimkemea leo, kesho atanyamaza, na kesho huenda ndiyo siku yenyewe.

Najua hofu ya kijana. Nje ya lango kuna wenzake ishirini wanaongoja nafasi yake, na nyumbani kuna karo ya wadogo zake. Aogopa kuambiwa, "Kama kazi imekushinda, nenda zako." Kwa hiyo yafaa ajue kwamba sheria iko upande wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamwagiza mwenye kazi kuwalinda watu wake na kuzikinga sehemu za mashine zilizo hatari. Yamtaka mfanyakazi aonaye hatari kubwa atoe habari kwa msimamizi wake, na mwenye kazi haruhusiwi kumrudisha mtu mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Tena yakataza mtu kufukuzwa au kuonewa kwa sababu ya kulalamika juu ya hatari. Mahali penye watu 20 au zaidi yapasa pawe na kamati ya usalama, ambayo wafanyakazi nao huingia.

Iko pia Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo wa 2007. Mtu akiumia kazini, amjulishe mwenye kazi upesi, kwa mdomo au kwa maandishi, na madai ya fidia yasipite miezi 12. Mapatano ya kazi ya mdomo nayo ni mapatano mbele ya sheria hiyo, basi kibarua asidhani kwamba hana haki kwa kuwa hakutia sahihi karatasi. Aandike siku, saa, mahali, na majina ya waliokuwapo. Na ninyi wenye kazi, fahamuni kwamba sheria yawataka kuwakatia watu wenu bima. Kuficha ajali si akili, huongeza deni.

MTU AKIBANWA

Nimalize kwa maneno machache kuhusu msaada wa kwanza. Mtu akibanwa, zimeni mashine mara moja na kutoa ufunguo. Msimvute kwa nguvu. Wala msirudishe pipa nyuma kwa kubahatisha, kwa maana mwaweza kumwumiza mara ya pili. Aitwe anayeijua mashine. Damu ikitoka, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, wala msilegeze. Kidole kikikatika, kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu, kitieni katika mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Kiende pamoja na mgonjwa hospitalini. Asipewe chakula, kwa sababu huenda akahitaji kupasuliwa. Namba za kuomba msaada ni 999 na 112. Tena gari la kumpeleka hospitalini Kitui au Wote lijulikane tangu asubuhi, lisianze kutafutwa mtu akiwa amelala chini.

Ndugu zangu, nimesema mengi. Mkisahau yote, kumbukeni haya matatu: usiweke mkono mahali usipoweza kuuondoa, usisimame mahali dereva asipokuona, usiwashe wala kuvuta kitu mpaka umewaona wenzako wote.

Kijana niliyewaeleza habari zake alipona jeraha lake. Ni mwenye duka dogo sasa, na tukikutana twasalimiana vizuri, kwa mkono wa kushoto. Hajanilaumu hata siku moja. Lakini udereva hakuupata, na bawaba iliyomkata ilikuwa ikingoja mpini wa nusu saa. Mtakaporudi kazini kesho asubuhi, kabla injini haijawashwa, zungukeni gari lenu mara moja na kutafuta mpini kama ule. Mkiuona umekatika, gari lisiende.